Pakiti ya Tatu

Ombeni mwanangu,

Barua zetu huanza kwa kuulizana uzima. Wako ninao, maana nimekuona sasa hivi dirishani ukivuka mtaa na baba yako kwenda kuchukua godoro, wewe mbele, yeye nyuma akikuambia uende polepole. Wangu wa mwili upo. Wa moyo ndio ulionikalisha mezani Jumapili hii, maduka ya chini yamefungwa na Kariakoo imetulia kidogo, niandike kabla hamjarudi.

Asubuhi uliniuliza picha yako ya kipaimara imekwenda wapi, maana uliuona msumari ukutani peke yake. Nikakujibu nimeipeleka kubadilishiwa fremu. Nilikudanganya. Picha iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwenye khanga, na aliyeishusha ukutani ni baba yako. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Mambo ya sweta, ya vyandarua na ya chakula cha njiani sitayaandika. Hayo tumeyasema mpaka umechoka. Jana nimekuja chumbani kwako mara tatu. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umeweka soksi. Mara ya pili nikakuletea chai ambayo hukuiomba. Mara ya tatu nikasimama tu mlangoni, ukacheka ukasema, "Mama, Mbeya si Ulaya bwana. Krismasi nipo hapa." Nikacheka nami, nikarudi jikoni. Sikuwa nimekuja kwa ajili ya soksi. Nina jambo ambalo mdomo umeshindwa kulitoa, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Umekua ukijua kwamba mama yako anafanya kazi chuoni "kwenye mambo ya wanawake". Ulipoingia chuo hichohicho wenzio wakakubatiza upya, mtoto wa Mama Jinsia. Najua ulikuwa unazunguka upande wa pili wa maktaba ili usionekane ukipita mlangoni kwangu. Sikukulaumu. Hata mimi kuna siku ningependa kuzunguka.

Kituo chenyewe cha jinsia unakijua: chumba kimoja nyuma ya maktaba, zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Tuko wawili. Mimi ndiye mratibu. Bi Zuhura, kwenye karatasi za chuo, ni mhudumu wa ofisi. Ni mtoto wa Gerezani, wa ukoo uliokuwa hapa mjini kabla sisi wa Machame hatujajua njia ya kushukia Pwani, na hakusoma zaidi ya darasa la saba. Hilo yeye mwenyewe hunikumbusha kila ninapokosea, ili nione haya vizuri.

Mimi nilipenda semina. Nilipenda hoteli, maikrofoni, chupa za maji zimepangwa, vijana wamevaa fulana zenye jina la kituo. Nilipenda ripoti za robo mwaka, niandike ni wangapi wamefikiwa. Tuna kabati zima la vitabu vilivyoletwa na wafadhili, na katika miaka yangu yote pale sijaona mtu akivisoma isipokuwa mgeni aliyekuwa anasubiri mvua ikatike. Wasichana hawakuja kwa vitabu. Walikuja kwa droo ya chini ya meza ya Bi Zuhura, ambamo tuliweka taulo za kike za wasiokuwa nazo. Anaingia, anasalimu, Bi Zuhura anafungua droo bila kuuliza, anampa pakiti, anammiminia chai ya tangawizi. Wengine wanakunywa wakisimama, wanaondoka. Wengine wanakaa. Nilidhani Bi Zuhura ni mkarimu tu, tena mkarimu kwa mali ya ofisi.

Mwaka ule wewe ulipokuwa mwaka wa pili, pakiti zikawa zinaisha haraka. Mimi nikaona nina akili. Nikanunua daftari, nikapiga mistari: jina, tarehe, sahihi. Pakiti moja kwa mtu kwa mwezi. Bi Zuhura akalitazama lile daftari kama mtu aliyewekewa mende kwenye wali, lakini akaandika, kwa sababu nilikuwa bosi wake.

Wiki moja ya masika akafiwa na shangazi yake Magomeni. Aliondoka Jumanne kwenda msibani, mvua ikanyesha, bonde la Jangwani likajaa maji, njia ikafungwa, akabaki ng'ambo ya pili mpaka wiki ikaisha. Droo ikawa yangu.

Kuna msichana nitamwita Rehema. Jina lake la kweli si langu kulitoa. Jumatatu alikuwa amechukua pakiti kwa Bi Zuhura. Jumatano akaja, nikampa, nikamwandika, nikamwambia ni ya mwisho. Ijumaa akaja tena. Ofisini walikuwepo wasichana wawili wakichagua fulana za semina. Nikafungua daftari, nikamwonyesha jina lake kwa kidole.

"Rehema, wiki hii ni ya tatu hii. Au umefungua duka Kariakoo, unataka kushindana na mume wangu?"

Wale wawili wakacheka. Rehema naye akacheka. Akasema, "Basi mama, nitakuja mwezi ujao," akatoka. Mimi nikaandika kwenye mstari wake neno moja: amekataliwa. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba mkono wake ulikuwa umeshashika mgongo wa kiti. Alikuwa anakivuta akae.

Bi Zuhura aliporudi Jumatatu, kabla hata hajavua baibui la njiani, alilifungua daftari.

"Mama Ombeni, hii 'amekataliwa' ndiyo nini?"

"Ameshachukua mbili. Nikianza kumpa kila mtu tatu tatu, tutafika wapi?"

"Mwanamke gani anaingia mwezini mara tatu kwa wiki?"

"Ndiyo maana nikamkatalia."

"Ndiyo maana ungemkalisha."

Akaketi, akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto aliyevunja kitu bila kujua thamani yake. Msichana mwenye jambo zito haji akasema nina jambo zito. Mara ya kwanza anakuja kutazama sura zetu. Mara ya pili anakuja kusikiliza kama ya mwenzake tumeyatoa nje. Mara ya tatu ndipo anakaa. Pakiti ni ruhusa yake ya kuingia mle ndani bila mtu kumuuliza umefuata nini. "Mimi sigawi taulo," akasema Bi Zuhura. "Mimi nangoja ya tatu." Miaka tisa tulikuwa tumekaa chumba kimoja, mimi mwenye shahada mbili, na sikuwa nimeliona.

Rehema hakuja mwezi uliofuata. Darasani hakuonekana. Alikuwa akikaa Buguruni, chumba kimoja na mama yake mdogo, na baada ya wiki kadhaa Bi Zuhura alikwenda kumtafuta kwa nauli yake, Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Mimi nilikuwa Dodoma kwenye semina. Semina ilihusu namna ya kuwasikiliza wahanga. Unaweza kucheka, mwanangu, mimi nimeshindwa.

Jumatatu Bi Zuhura alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hafanyi kamwe. Akasema Rehema ameacha chuo, anauza viatu vya watoto vya mtumba Buguruni sokoni. Mwalimu wake alimshikia matokeo. Akamwambia ayafuate nyumbani kwake Jumamosi, mkewe akiwa amekwenda Moshi. Rehema hakwenda. Akafelishwa. Akarudia somo, akaambiwa yaleyale, hakwenda, akafelishwa tena. Rushwa ya ngono, ile niliyokuwa naisema kwenye maikrofoni kila mwaka.

"Ni nani?" nikamuuliza.

Bi Zuhura alikuwepo kwenye sherehe yako ya kipaimara. Alikula pilau hapa hapa nyumbani. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Yule aliyesimama na Ombeni kanisani."

Pumzika hapo kama unahitaji. Mimi nimepumzika kabla ya kuandika mstari huo.

Baba yako wa ubatizo. Aliyekufundisha hesabu kwenye meza hii mpaka ukazipenda. Aliyelala kwenye benchi la hospitali siku tatu baba yako alipokuwa mahututi, akanituma mimi nyumbani nikapumzike. Kijiji kimoja na baba yako, shule moja, ukichimba sana unakuta hata ndizi walikula mkungu mmoja. Na mwaka ule alikuwa anakufundisha wewe, darasa moja chini ya lile la Rehema. Matokeo yako yalikuwa mikononi mwake.

Nataka ujue nilichokifanya, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayekuambia. Nilisema tungoje. Nikasema bila maelezo ya msichana mwenyewe, kwa maandishi na kwa sahihi yake, kamati haiwezi kukaa. Hilo lilikuwa kweli. Nikasema mhusika aje mwenyewe ofisini kwa hiari yake. Hilo nalo ndivyo taratibu zinavyosema. Nilijua vizuri kabisa kwamba alikuwa ameshakuja kwa hiari yake mara tatu. Nikaandika karatasi moja, nikaiweka kwenye faili, faili nikaliweka kwenye kabati, kabati nikalifunga. Utaratibu ni kitu kizuri, Ombeni, na ni mahali pazuri sana pa kujifichia. Hakuna anayekushangaa ukiwa umesimama nyuma yake.

Bi Zuhura hakunigombeza. Alisema tu, "Mficha uchi hazai," akaenda kuosha vikombe.

Mwaka uliofuata mzee, huyo baba yako wa ubatizo, akapata nafasi ya ukuu wa idara huko Mbeya. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga, wakanichagua mimi nimvishe kitenge, maana ni rafiki wa familia na kitenge kingetoka dukani kwa mume wangu. Nilikichagua mwenyewe, cha rangi ya damu ya mzee chenye maua ya njano. Nikamvisha mabegani mbele ya watu wote. Nikashika maikrofoni, nikamwita mlezi wa vijana wetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Zuhura alikuwa anapitisha soda. Akaweka sinia chini, sakafuni, katikati ya ukumbi, akatoka nje. Kesho yake nilipomuuliza akaniambia, "Vigelegele vilinikwama, Mama Ombeni. Wewe vyako vilipitaje?"

Sikuwa mtu mbaya siku ile. Hicho ndicho kinachonitisha hadi leo. Nilivaa vizuri, nilikula vizuri, nikarudi nyumbani nikaangalia taarifa ya habari. Nilikuwa na sababu nzuri, na sababu yenyewe ilikuwa wewe. Lakini wewe hukunituma. Mtu akikuambia alifanya jambo baya kwa ajili ya mtoto wake, muulize kama mtoto aliombwa ushauri.

Na kuna jambo jingine, dogo, linaloninyima raha kuliko hata lile la kitenge. Muhula uleule, baada ya Rehema kuacha masomo, ulikuja ofisini kwangu. Wewe, uliyekuwa unazunguka maktaba ili usinikaribie. Ulikuja kuazima stepla. Nikakupa. Siku mbili baadaye ukairudisha, ukasimama, ukashikashika vipeperushi mezani, ukauliza kama nitachelewa kurudi. Nikakujibu bila kuinua macho: "Nina ripoti, baba. Tutaongea nyumbani." Hatukuongea. Siku nyingi zilipita ndipo nikaiona stepla yako chumbani kwako, ile niliyokununulia mimi mwenyewe mwanzo wa mwaka, imejaa pini.

Sijui ulitaka kusema nini. Wanafunzi huongea, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Labda ulikuwa umeshasikia. Labda lilikuwa jambo lako mwenyewe, la msichana, la kichwa kuuma. Sikulazimishi uniambie sasa. Nataka tu ujue kwamba niliiona ile stepla.

Sasa nifike kwenye safari yako. Ulipopata kazi ya mhadhiri msaidizi nilicheza jikoni, baba yako ni shahidi. Halafu ukasema ni idara ya nani, na kwamba yeye mwenyewe atakupokea stendi na utakaa kwake mpaka upate chumba. Wewe ulikuwa unafurahi. Mimi nikasema Mungu ni mwema, nikaingia bafuni nikafungua maji. Kama nafasi uliipata kwa kichwa chako au kwa simu yake, sijui. Kichwa chako nakijua, na naamini ni hicho.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Buguruni na Bi Zuhura. Ilinichukua miaka minne kufika mahali ambapo kutoka hapa mtu anakwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva. Rehema alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya viatu vyake, anafuta kimoja kwa kitambaa. Amenenepa kidogo. Aliniona, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote yakanipotea. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa siku ile ya pakiti ya tatu. Akaendelea kufuta kiatu.

"Siku ile nilikuwa nayo mdomoni kabisa, mama," akasema. "Nilikuwa nimeshayapanga, nianzie wapi. Uliponichekesha nikayameza. Unajua tena, ukishacheka huwezi kulia palepale."

Nikamwambia nataka sasa kulipeleka jambo lake kwenye kamati ya maadili, kama yeye anataka. Nikamwambia asipotaka nitaondoka na sitarudi kumsumbua. Mteja akaja, akauliza bei, akaondoka.

"Kwa nini leo?"

Ningeweza kumdanganya. Nina maneno mengi mazuri ya kazi hii. Nikamwambia, "Kwa sababu mwanangu anakwenda kufanya kazi chini yake."

"Kwa hiyo si kwa ajili yangu."

Bi Zuhura akageuka kunitazama. Rehema akapanga viatu vyake viwili viwili, akaviangalia, ndipo akasema, "Haya. Nitakuja. Jumatatu asubuhi biashara huwa ndogo. Lakini mwanao umwambie wewe kwanza, kabla hajapanda basi. Asije akasikia mtaani. Mimi jina langu nililisikia mtaani, najua inavyokuwa."

Ndiyo hii, mwanangu. Hii barua ni sharti lake, na ni haki yake.

Baba yako nilimwambia usiku wa kuamkia jana. Sikuwahi kumwambia, naye alikuwa akimpigia yule mzee simu kila Jumapili baada ya ibada. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kama nina hakika, aliuliza, "Miaka minne, Mama Ombeni?" Nikasema ndiyo. Akaenda sebuleni, akavuta kiti, akapanda, akaishusha picha, akakaa nayo mapajani. Alilia, Ombeni. Unamjua baba yako, hata kwenye msiba wa bibi alikuwa yeye wa kukimbizana na maturubai. Leo ukimwona anakuharakisha kuhusu godoro, usidhani ana hasira nawe. Hajui pa kuipeleka mikono yake.

Picha si yangu kuitundika wala kuichana. Wewe ndiye uliyesimama katikati. Utaamua.

Kesho saa nne asubuhi, wewe ukiwa njiani, sisi watatu, mimi, Rehema na Bi Zuhura, tutaingia kwenye kamati. Nitalipeleka faili lenye karatasi ile moja, na daftari lenye neno langu. Nitawaambia kwamba nilijua, na tangu lini. Huenda wataniondoa kwenye kituo, na watakuwa na haki. Bi Zuhura anajua kukiendesha kuliko mimi, ila kwenye karatasi wataandika mtu mwenye shahada. Kamati ikiona kuna jambo, itamwandikia mwajiri wake, ambaye kuanzia kesho ni mwajiri wako. Inawezekana nikakuharibia kazi kabla hujaingia darasani. Nimelipima hilo kila upande. Mara ya kwanza nililipima nikachagua wewe upate maksi zako kwa amani, na msichana wa watu akaenda kuuza viatu. Nisamehe kwa yote mawili, lile la wakati ule na hili la kesho.

Wewe unakwenda kushika kalamu nyekundu. Una miaka ishirini na mitano, na wapo watakaokuita sir kwa sauti ambayo itakupendeza. Sikuogopei kwa ubaya, maana huna. Nakuogopea kwa kitu kilichonipata mimi, kuwa na shughuli nyingi, kuwa na sababu nzuri, kuwa mcheshi mahali pasipotaka ucheshi. Mwanafunzi akija mara ya pili kuuliza swali ambalo jibu lake analo, weka kalamu chini. Mlango uache wazi na sauti yako iwe ndogo. Zaidi ya hapo sijui. Hicho kidogo nilikinunua kwa bei ambayo aliyeilipa ni mtu mwingine.

Ndani ya begi lako dogo, chini ya taulo, kuna pakiti kumi za taulo nyingine. Usicheke na usizitoe. Huko chuoni lazima kutakuwa na mama wa dawati la jinsia, amekaa kwenye chumba kibaya kuliko vyote. Mpelekee, mwambie zimetoka kwa Bi Zuhura wa Dar. Aijue sura yako mapema, ajue pia kwamba kuna mtu anaijua kazi yake.

Basi litafika Mbeya jioni. Stendi kutakuwa na watu wawili wanaokungoja. Mmoja ni yeye, na saa hizo huenda atakuwa ameshapigiwa simu. Wa pili ni Mwajuma, mdogo wake Bi Zuhura, anauza mchele kule, ana chumba cha nyuma ambacho hakina mtu. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, na namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimemwelezea urefu wako na rangi ya sweta, basi. Sitakupigia kukuuliza umeondoka na nani. Yule mzee alikupenda kweli, hilo siwezi kulifuta hata nikitaka, na mimi ndiye niliyekufundisha kumwamkia kwa mikono miwili.

Nasikia godoro linakwaruza ukuta wa ngazi, na baba yako anasema inua upande wako. Niishie hapa.

Siku yoyote utakapokuwa na neno, liwe la mzee, liwe la hasira yako kwangu, liwe lile la stepla, njoo. Kama huwezi kulisema, piga simu uniulize makande yanaiva kwa muda gani. Kata. Piga tena, uniulize hilohilo. Nitakaa, na kiti chako nitakuwa nimeshakivuta. Sitahesabu.

Mama